Je, nikibeba bastola kazini nitakuwa salama zaidi?

Swali la msomaji: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mtanzania wa Kigoma, naishi Houston, Texas, mwaka wa sita sasa, na nina grini kadi. Naendesha Uber usiku ili mchana niwe na watoto wetu wawili, wa miaka 9 na 4, mama yao akiwa kazini. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alinyang'anywa gari akiwa anajaza mafuta. Madereva wenzangu wananiambia Texas siku hizi huhitaji kibali, ninunue bastola niiweke kiunoni. Mke wangu hataki hata kusikia habari hiyo. Je, nikibeba nitakuwa salama zaidi, au najidanganya?

Marahaba, ndugu yangu, na mpe mwenzenu pole zangu. Nianze na jibu, sababu zifuate. Kwa kazi unayofanya, kwa watoto wa umri huo, na kwa hati unayoishi nayo huko, bastola itakuongezea hatari kuliko itakavyokupunguzia. Wapo watu ambao hesabu yao hutoka tofauti, na nitawataja, lakini wewe si mmoja wao.

Tuanzie ndani ya gari lako, maana huko ndiko unakotaka kuitumia. Umekaa, mkanda umekubana kifuani na kiunoni, mikono iko kwenye usukani, na mtu unayemhofia amekaa nyuma yako, chini ya mita moja kutoka shingoni. Ili uipate bastola ya kiunoni lazima ufungue mkanda au uusogeze, uinue shati, ushike mpini, uichomoe bila mtutu wake kupita kwenye paja lako, kisha ugeuke mwili mzima kwenye nafasi ambayo haitoshi hata kukunjua kiwiko. Mpiga shabaha aliyezoea, akiwa amesimama wima, hutumia kama sekunde moja na nusu kutoa bastola iliyo chini ya shati na kufyatua. Mwaka 1983 askari wa Salt Lake City, Dennis Tueller, alionyesha kwamba katika muda huohuo mtu mwenye kisu hukimbia futi 21, yaani zaidi ya mita sita. Abiria wako hahitaji kukimbia. Anahitaji kunyoosha mkono tu.

Kwenye sheli hali haina nafuu sana. Mwizi wa gari huchagua wakati: anakuja ukiwa umeshika pampu, silaha yake ikiwa tayari mkononi na yako ikiwa bado imefunikwa. Anayeanza ndiye mwenye saa. Na hata wenye mafunzo hukosa shabaha. Ripoti ya RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, kuhusu polisi wa New York ilionyesha kwamba kati ya 1998 na 2006, pale mtuhumiwa alipojibu kwa risasi, ni asilimia 18 tu ya risasi za polisi zilizompata mlengwa. Hao wanalipwa kufanya mazoezi. Risasi zilizokosa huenda mahali fulani, na kisheria kila moja ina mwenyewe.

Umeshasikia, bila shaka, kwamba Wamarekani milioni 2.5 hujiokoa kwa bunduki kila mwaka. Namba hiyo ilichapishwa mwaka 1995 na watafiti Gary Kleck na Marc Gertz. Waliwapigia simu watu karibu 5,000, na kidogo zaidi ya mmoja katika kila 100 alisema alitumia silaha kujilinda katika mwaka uliotangulia. Uwiano huo ukazidishwa kwa watu wazima wa nchi nzima, waliokuwa kama milioni 190. Angalia kinachoharibika hapo: jambo likiwa adimu kiasi hicho, mtu mmoja tu katika 100 akikosea mwaka, au akihesabu siku aliyoonyesha bastola kwenye ugomvi wa maegesho, tayari umepata karibu watu milioni mbili "waliojiokoa". Uchunguzi wa serikali, ambao kwanza humuuliza mtu kama alitendewa uhalifu kisha ndipo humuuliza alifanya nini, hutoa makadirio ya makumi ya maelfu kwa mwaka. David Hemenway na Sara Solnick walichambua matukio zaidi ya 14,000 ya uchunguzi huo, ya mwaka 2007 hadi 2011, ambayo mhanga na mhalifu walikutana ana kwa ana. Bunduki ilitumika kujilinda katika matukio 127, chini ya asilimia moja. Waliojilinda kwa bunduki walijeruhiwa baadaye kwa asilimia 4.1, na waliochukua hatua yoyote ile, kwa ujumla wao, asilimia 4.2. Kwa maneno mengine, kwenye mwili wa mhanga tofauti haikuonekana.

Kuhusu majimbo yaliyolegeza sheria za kubeba silaha, mjadala ni mrefu na sitakuchosha nao wote. Mwaka 1997 John Lott na David Mustard waliandika kwamba kuruhusu watu kubeba hupunguza uhalifu. Mwaka 2004 jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani likasema ushahidi uliokuwepo haukutosha kuthibitisha hilo wala kulikanusha. Mwaka 2019 John Donohue wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, wakiwa na takwimu za miaka mingi zaidi, walikuta kwamba miaka 10 baada ya jimbo kuruhusu, uhalifu wa kutumia nguvu ulikuwa juu kwa asilimia 13 hadi 15 kuliko ambavyo ungekuwa. RAND, ambao wamepitia tafiti nyingi na kuzipima ubora, nao wamefikia kwamba ushahidi unaelekea kwenye ongezeko la mauaji. Mimi naukubali upande huo. Bastola inayobebwa huachwa kwenye gari na kuibwa, na ugomvi ambao ungeishia kwenye matusi huishia hospitali.

Sitaki kukuficha upande wa pili. Mwaka 2022, kwenye jumba la maduka la Greenwood, Indiana, mtu mwenye bunduki alikwisha kuua watu watatu pale kijana wa miaka 22, Elisjsha Dicken, alipotoa bastola yake. Kutoka mbali alifyatua risasi 10 na nane zikampata muuaji. Hilo ni kweli na watu wako hai kwa sababu yake. Lakini mwaka mmoja kabla, huko Arvada, Colorado, Johnny Hurley alimpiga risasi mtu aliyekuwa ametoka kumuua askari. Askari mwingine akafika, akamkuta Hurley ameshika bunduki ya muuaji yule, akamfyatulia, naye akafa. Anayefika baadaye hajui nani ni nani. Anaona silaha mkononi mwa mtu.

Na wewe ni mwanamume mweusi mwenye lafudhi ya ugenini, nalisema wazi. Mwezi Julai 2016 Philando Castile, mwenye kibali halali, alisimamishwa na polisi Falcon Heights, Minnesota. Alimwarifu askari kwa upole kwamba ana silaha, na akapigwa risasi akiwa amefungwa mkanda, binti mdogo akiwa kiti cha nyuma. Askari huyo aliachiwa na mahakama mwaka 2017. Dereva wa usiku husimamishwa mara nyingi kuliko anavyovamiwa.

Sasa sheria, ambako wenzako wamekupa nusu ya habari. Ni kweli, tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu wa miaka 21 na zaidi asiye na kizuizi cha kisheria anaweza kubeba bastola Texas bila kibali. Lakini kwanza, Uber na Lyft zote zinakataza dereva na abiria kuwa na silaha safarini. Ukigundulika, akaunti inafungwa, na mkate wa watoto ndio huo umekwenda. Pili, sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1,000, kama mita 300, kutoka kwenye shule. Mwenye kibali cha jimbo hilo amesamehewa, asiye na kibali hajasamehewa. Fikiria unapita karibu na shule ngapi kwa usiku mmoja Houston.

Tatu, na hapa naomba usome polepole. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua silaha. Lakini sheria ya uhamiaji inasema asiye raia akitiwa hatiani kwa kununua, kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria anaweza kufukuzwa nchini, hata kama kosa lenyewe kwa raia lingekuwa faini na onyo. Kosa la eneo la shule linaweza kukufikisha huko. Kuvuka mpaka wa jimbo ukiwa nayo kiunoni pia: California na New York hazitambui kibali cha Texas, na madereva wa malori wa kwetu wamekuwa wengi, kwa hiyo waambie na wao. Kumnunulia rafiki silaha huku ukijaza kwenye fomu 4473, ile inayojazwa dukani unaponunua silaha, kwamba ni yako ni jinai ya shirikisho. Mwenye viza ya masomo au matembezi kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa katika hali chache kama kuwa na leseni ya uwindaji, na asiye na hati haruhusiwi kabisa. Anayesubiri uamuzi wa hifadhi asiguse kitu kabla ya kuongea na wakili wa uhamiaji.

Hayo ni ya barabarani. Mzigo mzito uko nyumbani. Mwaka una saa 8,760. Tukio unaloliogopa, likitokea, litachukua sekunde kadhaa, na saa zote zilizobaki bastola iko pamoja na familia yako: ukiwa umelala mchana baada ya zamu, mtoto wa miaka minne akiwa macho, mkiwa mmegombana, kodi ikiwa imechelewa na moyo umekuwa mzito.

Mwaka 2021 Marekani ilizika watu 48,830 waliokufa kwa bunduki. Kati yao 26,328 walijiua wenyewe, na waliouawa na wengine walikuwa 20,958. Watu wa kwetu hawapendi kulizungumza hili, lakini upweke wa ughaibuni na kazi za usiku ni vitu ninavyoviogopa kuliko mwizi wa sheli. Wazo la kujiua mara nyingi huja na kupita kwa muda mfupi. Anayeshika njia nyingine mara nyingi huokolewa, ila kwa bunduki takriban tisa katika kumi hufa. Kama wewe au mama watoto mmewahi kupita huko, bastola isiingie ndani kabisa, na namba ya simu 988, ya msaada kwa mwenye mawazo hayo, hupokelewa saa 24 nchi nzima. Huko California watafiti waliwafuatilia watu wazima milioni 17.6 wasio na bastola, kuanzia 2004 hadi 2016. Wale walioishi na mtu mwenye bastola waliuawa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya waliokaa nyumba zisizo nayo, na kuuawa kwa risasi na mwenzi kulikuwa juu kwa takriban mara saba. Wengi wa waliouawa na wenzi wao walikuwa wanawake. Mke wako anaposema hataki, hana hofu ya kijinga. Anajua anachokisema.

Na watoto. Mwishoni mwa 2014, mji wa Hayden, Idaho, mama mwenye kibali aliingia dukani na bastola ndani ya mkoba uliotengenezwa maalumu, wenye mfuko wake wa silaha na zipu. Mwanawe wa miaka miwili, aliyekaa kwenye toroli la kununulia, alifungua zipu, akashika, ikafyatuka. Mama akafa palepale. Mkono wa mtoto mdogo hauna nguvu ya kuvuta kifyatulio kwa kidole kimoja kama mtu mzima, kwa hiyo huigeuza bastola, mtutu ukimwelekea yeye mwenyewe, na kusukuma kwa vidole gumba viwili. Ndiyo maana wazazi wanaosema "ni ngumu, hataiweza" wanakosea. Texas pia ina kosa la kuacha silaha iliyojazwa pale mtoto wa chini ya miaka 17 anapoweza kuifikia.

Ufanye nini basi? Weka kamera ya dashibodi inayorekodi mbele na ndani, yenye taa ndogo ambayo abiria anaiona anapofungua mlango. Washa kwenye programu ile huduma ya abiria kutaja namba ya siri kabla ya safari kuanza. Milango ifungwe kati ya safari na safari, na usingoje wateja ukiwa umeegesha pembeni mwa barabara. Ngoja penye mwanga, gari likitazama nje. Jaza mafuta kabla jua halijazama, nusu tanki ikiwa ndiyo "tupu" yako. Ukiwa kwenye pampu, injini imezimwa, milango imefungwa, ufunguo uko mfukoni, simu haiko usoni. Kwenye taa nyekundu acha nafasi ya kuona matairi ya gari la mbele yakigusa lami, ili uweze kuchepuka bila kurudi nyuma. Mtu akikutolea silaha, mpe ufunguo na uondoke upande ambao gari halielekei. Gari lina bima. Kama mtoto yumo kiti cha nyuma sema kwa sauti, kwa Kiingereza, kwamba kuna mtoto ndani, na maneno hayo uyafanyie mazoezi mpaka yatoke yenyewe. Dawa ya pilipili ni nzuri nje. Ndani ya gari lililofungwa itakupofusha wewe pia, na wewe ndiye unayeendesha.

Niliahidi kuwataja wale ambao ningewajibu tofauti. Ni mtu anayetishwa na mtu mahususi anayemjua kwa jina, tena asiyekaa naye nyumba moja, au anayeishi shambani ambako polisi hufika baada ya nusu saa, ambaye nyumbani kwake hakuna mtoto, mlevi wala mgonjwa wa huzuni, na yuko tayari kufanya mazoezi kila mwezi bila kuacha. Masharti hayo ni yote kwa pamoja, si moja kati yao.

Nikijua binadamu, huenda bado utainunua. Kama ni hivyo, ibaki nyumbani na ifanyike kwa utaratibu huu. Chukua kibali ingawa si lazima: darasa ni saa nne hadi sita, kisha unapiga risasi 50, yaani 20 kutoka yadi 3, 20 kutoka yadi 7 na 10 kutoka yadi 15, na unafaulu kwa pointi 175 kati ya 250. Huo ni mtihani wa chini mno. Ukiufaulu kwa tabu, mwili umeshakupa jibu. Kabla ya bastola nunua kasha la chuma la kufungua haraka, ulikaze kwa skrubu kwenye mbao za ukuta au sakafu, na namba ya siri isiwe siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote. Kabla ya kulitumia lijaribu likiwa tupu: lipige ngumi juu, litikise, lidondoshe kitandani. Makasha ya bei rahisi mengine hufunguka kwa mtikisiko. Risasi zikae kwenye kufuli jingine. Utafiti wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kufungia silaha, kuiacha bila risasi, na kufungia risasi mbali nayo, kila kimoja peke yake kinahusiana na ajali na vifo vichache vya watoto na vijana.

Ndiyo, hapo inakuwa mbali na mkono wako usiku wa manane. Hakuna mahali ndani ya nyumba ambapo bastola iko karibu na wewe na wakati huohuo iko mbali na mtoto anayelala chumba cha pili. Anayekuuzia kasha atakuambia pako.

Kutoa risasi kuna mpangilio mmoja tu, na wengi hukosea palepale. Kwanza mtutu uelekee mahali ambapo risasi haitamfikia mtu, kidole kiwe nje ya kifyatulio. Pili toa magazini. Tatu vuta slaidi nyuma ili risasi iliyo kwenye chemba iruke nje. Nne ifunge slaidi hapohapo nyuma, tazama ndani ya chemba, kisha ingiza kidole kidogo uhakikishe kwa kugusa. Ukivuta slaidi kabla ya kutoa magazini, unatoa risasi moja na kuingiza nyingine, halafu unatoa magazini ukidhani umemaliza, na chemba ina risasi. Hivyo ndivyo "bastola tupu" zinavyoua. Ala yake iwe ngumu na ifunike kifyatulio chote. Ya kitambaa laini hujikunja na mkunjo huingia kwenye kifyatulio unapoirudisha. Na jua nyumba yako imejengwa kwa nini: kuta za fleti za huko ni mbao za jasi, na risasi ya milimita 9 hupita ukuta mmoja, wa pili na zaidi. Simama pale ambapo ungesimama usiku huo na utazame nyuma ya mlango kuna kitanda cha nani.

Polisi akikusimamisha ukiwa nayo garini, tuseme unaipeleka mazoezini, egesha, zima injini, washa taa ya ndani, mikono yote miwili juu ya usukani, vidole vikiwa wazi. Texas inamtaka mwenye kibali anayebeba aonyeshe kibali pamoja na kitambulisho anapoulizwa. Sema kwanza kwamba una kibali, kisha silaha iko wapi, kisha uliza afande anataka ufanye nini. Usiinue mkono kuufuata mkoba wala pochi mpaka akuambie.

Jambo moja lifanye wiki hii, ununue usinunue. Watoto wako wanacheza kwenye nyumba za wengine, na nyumba nyingi za Texas zina silaha. Mwenye miaka 9 mfundishe: ukiiona usiguse, toka chumbani, mwite mtu mzima, hata mwenzako akisema ni ya kuchezea. Huyu wa miaka 4 hawezi kubebeshwa jukumu hilo, kwa hiyo ulizeni nyinyi wazazi, kama mnavyouliza habari za mbwa au bwawa la kuogelea: "Dada, kabla sijawaacha, hapa nyumbani kuna bunduki? Imefungiwa?" Akinuna au akijibu kwa kuzunguka, waambie watoto wavae viatu, na mwambie mama huyo wanawe wanakaribishwa kucheza kwenu.